Maji ya Chini ya Ardhi: Chungu Kimoja, Mirija Mingi

UKURASA WA AFYA

Ukichimba shimo uani kwako ukakuta maji, utasema: "Maji haya ni yangu. Kiwanja ni changu, jasho ni langu, na pampu nimenunua kwa fedha yangu." Watu wengi husema hivyo. Lakini sheria ya nchi yetu haisemi hivyo. Wala afya haisemi hivyo.

Leo tutazungumza habari za maji ya visima. Tutaeleza maji hayo hutoka wapi na kwa nini hupungua. Tutaeleza kwa nini Serikali imeweka sheria juu yake. Mwisho tutaeleza mambo ya kufanya kabla hujachimba kisima, ukiwa hapa Nyamisangura au katika kijiji chochote cha Tarime na Serengeti. Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

MAJI HAYO HUTOKA WAPI?

Mvua ikinyesha, maji yake hugawanyika. Mengine hutiririka mpaka mtoni. Mengine hukaushwa na jua. Mengine hunywewa na mimea. Sehemu ndogo tu huzama ardhini. Sehemu hiyo hushuka pole pole mpaka ikutane na mwamba mgumu. Hapo maji hukaa.

Watu wengine hudhani kwamba chini kuna ziwa au mto uliofichika. Katika sehemu kubwa ya mkoa wa Mara sivyo. Chini yetu kuna miamba migumu ya zamani sana. Maji hukaa katika udongo na mawe yaliyolainika juu ya mwamba huo. Mengine hukaa katika nyufa za mwamba wenyewe. Ni kama chungu kilichojazwa kokoto, kisha kikatiwa maji. Chungu ni kikubwa, lakini maji ni yale tu yaliyoingia katikati ya kokoto.

Wazee wa huku wanajua kunywa pombe kwa mirija. Chungu ni kimoja, kimewekwa katikati. Kila mzee ana mrija wake, lakini pombe ni moja. Sasa fikiri, akija mtu mwenye mrija mnene na pumzi nyingi, kutatokea nini? Chungu kitakauka upesi. Na wa kwanza kukosa watakuwa wale wenye mirija mifupi, isiyofika chini.

Maji ya ardhini ni hivyo hivyo. Kisima chako ni mrija wako. Kisima cha jirani ni mrija wake. Kisima kirefu chenye pampu ya mashine ni mrija mnene. Kisima kifupi cha kamba na ndoo ni mrija mfupi. Chungu ni kimoja.

TUFANYE HESABU

Tuseme mtu amefunga pampu inayovuta lita 2,000 kwa saa. Anaiendesha saa 10 kwa siku, kumwagilia bustani na kuuza maji. Kwa siku moja atavuta lita 20,000. Hizo ni ndoo 1,000 za lita 20.

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 za maji safi kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400 kuyafuata. Nyumba yenye watu 6 inahitaji lita 150. Gawanya lita 20,000 kwa 150. Utapata nyumba 133.

Basi pampu moja yaweza kuvuta maji ya nyumba 133. Hatusemi kwamba pampu ni mbaya. Bustani huleta mboga, na mboga ni chakula bora. Tunasema hivi: pampu ya namna hiyo haiwezi kuwa siri ya mtu mmoja. Inagusa nyumba nyingi. Kwa hiyo lazima iwe na kipimo, na kipimo hicho kijulikane.

TUJIFUNZE KUTOKA MAKUTUPORA

Hapa Tarime tunapata mvua kuliko watu wa mikoa ya kati. Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, na miaka mingine huwa haba. Lakini Dodoma ni makao makuu ya nchi. Uamuzi wa kuhamia huko ulifanywa mwaka 1973. Kuanzia mwaka 2016 wizara na ofisi nyingi za Serikali zilihamia huko, na watu wakaongezeka sana. Je, jiji hilo linapata wapi maji?

Kwa miaka mingi Dodoma imetegemea visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Wataalamu wamekuwa wakipima kina cha maji ya huko tangu miaka ya 1950. Vipimo hivyo ni miongoni mwa vipimo vya muda mrefu zaidi vya maji ya ardhini katika Afrika nzima. Vinatufundisha jambo kubwa.

Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Lakini chungu cha Makutupora hakijazwi kwa haba na haba. Katika miaka mingi ya kawaida maji yanayoingia ardhini ni kidogo sana, huku pampu zinavuta kila siku. Kina hushuka mwaka baada ya mwaka. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa, na chungu hujaa tena. Msimu mmoja wa namna hiyo ulikuwa ule wa mvua za El Niño, mwaka 1997 na 1998.

Ni kama ghala la nafaka. Mavuno makubwa huja mara chache, lakini watoto wanakula kila siku. Mwenye busara hupima nafaka ya kila siku ili ifike mavuno mengine. Mjinga hula bila kupima, kwa sababu leo ghala halijaisha.

Sasa turudi kwetu. Milimani Tarime mvua ni nzuri. Ukishuka kuelekea bonde la Mto Mara na Serengeti, ukavu huongezeka. Visima vifupi hukauka wakati wa kiangazi. Watu wanaongezeka, mifugo ni mingi, na pampu za umeme wa jua zimeenea. Tusingoje mpaka tuwe kama nchi kavu ndipo tuanze kupima.

JIJI LILILOCHIMBA KWA HARAKA

Mfano mwingine ni Dar es Salaam. Mwaka 1997 kulikuwa na ukame, na maji ya bomba yakapungua sana. Visima vingi vikachimbwa kwa haraka, vya watu binafsi na vya umma. Watu walikuwa na shida, hatuwezi kuwalaumu. Lakini Dar es Salaam iko ufukweni mwa bahari. Maji matamu ya ardhini yakivutwa mno karibu na pwani, maji ya chumvi ya bahari husogea na kushika nafasi yake. Huko pwani vipo visima vilivyogeuka kuwa vya chumvi. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi ngumu, na huchukua miaka mingi.

Sisi wa Tarime hatuna bahari. Lakini somo ni lile lile. Kila mtu akichimba kivyake bila kuuliza, hasara huwa ya wote.

KWA NINI HII NI HABARI YA AFYA?

Huenda unajiuliza: hii ni habari ya maji na sheria, imefikaje katika ukurasa wa afya? Jibu ni hili. Kisima kikikauka, watu hawaachi kunywa maji. Huenda kutafuta mengine, na mara nyingi hayo mengine ni machafu.

Fuatana na ndoo ya mama ambaye kisima chake kimekauka. Kwanza anatembea mbali zaidi. Binti yake anachelewa shule ili amsaidie. Kisha wanachota katika lambo ambalo ng'ombe wanaingia, au mtoni. Mto Mara una mamba, na maji yake hupita katika vijiji na malisho mengi kabla ya kutufikia. Kwa kuwa maji yanatoka mbali, nyumbani yanatumiwa kwa kubana. Watu hawanawi mikono baada ya kutoka chooni. Vyombo vinasuuzwa kidogo tu. Mtoto haogi.

Hapo ndipo magonjwa huingia. Kuhara huingia. Homa ya matumbo huingia. Kipindupindu kikitokea, huenea haraka. Minyoo na upele huongezeka, na macho ya watoto huugua. Mtoto mdogo anayehara hupoteza maji mengi mwilini, na aweza kufa kwa muda mfupi asipopewa maji ya chumvichumvi na kupelekwa zahanati.

Kwa hiyo anayekausha kisima cha jirani, hata bila kujua, anafungulia ugonjwa mlango. Na sheria inayozuia kisima cha jirani kisikauke ni sheria ya afya.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria za kusimamia maji si mpya. Katika miaka ya 1970 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20. Ulianza mwaka 1971, na nia yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mtu wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake. Mkoa wa Shinyanga ulichimbiwa visima vifupi vingi vya pampu za mkono. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya", na vikundi vya kusoma katika nchi nzima vilijifunza habari za maji safi na vyoo. Mwaka 1974 ikatungwa sheria ya kudhibiti matumizi ya maji.

Sheria hiyo ya 1974 ilifutwa na nyingine. Inayotumika ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mambo yake makubwa ni haya:

Kwanza, maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma. Rais ameyashika kama mdhamini, kwa niaba ya wananchi wote. Maji ya mtoni, ya ziwani na ya chini ya ardhi, yote ni hivyo. Unaweza kuwa na haki ya kutumia ardhi. Maji yaliyo chini yake si mali yako peke yako. Una haki ya kuyatumia kwa utaratibu.

Pili, sheria imepanga nani atangulie. Wa kwanza ni matumizi ya nyumbani: kunywa, kupika, kuoga, kufua. Wa pili ni mazingira, yaani maji yanayobaki ili mito, chemchemi na viumbe visife. Baada ya hapo ndipo huja kilimo cha kumwagilia, viwanda, migodi na biashara nyingine. Kumbuka mpango huu. Ukame ukija, bustani ya biashara haiwezi kutangulia kinywa cha mtoto.

Tatu, maji ya nyumbani kwa njia za kawaida hayahitaji kibali. Kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani, kisichozidi mita 15, hakihitaji kibali. Kwa hiyo mtu asikutishe kwa ndoo yako ya kunywa.

Nne, kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine kinahitaji kibali. Na anayetaka kutumia maji kwa biashara, kwa kumwagilia shamba kubwa au kwa kiwanda, lazima apate kibali cha kutumia maji. Kibali hicho hutaja kazi ya maji na kiasi cha kuvuta. Mchimbaji naye lazima awe na leseni. Kanuni za leseni za wachimbaji wa visima zilitolewa mwaka 2013.

Tano, Waziri mwenye dhamana ya maji aweza kutangaza eneo fulani kuwa eneo la kulindwa, au eneo ambalo uvutaji wa maji ya ardhini unadhibitiwa zaidi. Hufanya hivyo pale ambapo maji yako hatarini kuisha au kuchafuka.

NANI ANASIMAMIA?

Nchi imegawanywa katika mabonde tisa ya maji. Sisi tuko katika Bonde la Ziwa Victoria, kwa sababu maji yetu, na Mto Mara wenyewe, huishia katika ziwa hilo. Kila bonde lina bodi yake. Ya kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na makao yake makuu yako Mwanza. Bodi hii ndiyo inayotoa vibali vya kuchimba visima na kutumia maji.

Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kazi yake ni kujenga na kusimamia miradi ya maji vijijini. Usichanganye hivi viwili. RUWASA anakuletea huduma ya maji. Bodi ya Bonde inalinda chungu chenyewe.

Wako pia wananchi wenyewe. Watumiaji wa chanzo kimoja cha maji wanaweza kuunda jumuiya ya watumia maji. Jumuiya hiyo hutambuliwa na sheria. Husaidia kulinda vyanzo, kugawana maji wakati wa ukame, na kusuluhisha ugomvi kabla haujafika mapanga. Sote tunajua kwamba ugomvi wa maji na malisho ukiachwa huzaa mengine.

UKITAKA KUCHIMBA KISIMA KIREFU

Fuata hatua hizi:

1. Zungumza kwanza na majirani na uongozi wa kijiji au mtaa. Uliza kuna visima gani karibu, vina kina gani, na hukauka mwezi gani.

2. Mpate mtaalamu wa kupima maji ya ardhini. Asikudanganye mtu kwa kijiti cha mti peke yake. Kisima kisicho na maji ni fedha iliyotupwa.

3. Omba kibali katika ofisi ya bonde kabla ya kuchimba, si baada. Maombi ya kutumia maji hutangazwa ili watu wengine wayajue. Mwananchi anayeona kwamba kisima kitamdhuru ana haki ya kupinga na kusikilizwa.

4. Chagua mchimbaji mwenye leseni. Mwombe akuonyeshe leseni yake. Dai taarifa ya kisima: kina chake, aina za mawe, na kiasi cha maji kinachotoka. Karatasi hiyo itunze kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto.

5. Peleka maji maabara yakapimwe kabla watu hawajayanywa. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, na moja iko Musoma.

6. Vuta kiasi kilichoandikwa katika kibali. Usizidishe kwa sababu pampu ina nguvu.

Wengine wataona kwamba hatua hizi ni usumbufu na gharama. Ni kweli, ofisi iko mbali na nauli ni ghali. Ndiyo maana ni vizuri kijiji au kikundi kichimbe kisima kimoja kizuri kwa pamoja, kuliko watu kumi kuchimba visima kumi vibaya. Gharama ya kibali hugawanywa, na chungu hupona.

SUMU ISIYOONEKANA

Kwa nini tunasisitiza kupima maji? Kwa sababu maji ya chini ya ardhi yanaweza kuwa meupe na baridi, nayo yana madhara.

Katika mikoa kadhaa ya nchi yetu kuna sehemu ambazo maji yana madini ya floraidi kwa wingi. Mikoa hiyo ni kama Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga na Mara. Floraidi kidogo haidhuru. Ikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia. Ikizidi zaidi kwa miaka mingi, mifupa huuma na kupinda. Kipimo cha kimataifa ni kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Tena, miamba yenye dhahabu yaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Na wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, ambayo nayo ni sumu. Usichimbe kisima karibu na mahali pa kuoshea dhahabu, wala karibu na mashimo ya mgodi.

Hapa watu wengi hukosea. Husema: "Tutachemsha." Kuchemsha huua vijidudu. Ni jambo jema sana na usiliache. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi, aseniki wala zebaki. Njia ya kujua kama zimo ni kupima.

Sheria haiwahusu wanakijiji tu. Mwezi Mei 2009 maji machafu ya mgodi wa dhahabu wa North Mara yalivujia Mto Tigithe, wilayani Tarime, na wananchi wakalalamika sana. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilitoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uchafuzi wa mazingira. Mwenye ndoo na mwenye mgodi wote wako chini ya sheria. Mkiona maji yamebadilika rangi au harufu, au mifugo inakufa baada ya kunywa, msinyamaze. Toeni habari kwa maandishi, mkitaja mahali, siku na saa.

CHOO NA KISIMA VISIKARIBIANE

Uchafuzi mwingi hautoki mgodini. Unatoka uani kwetu. Choo cha shimo kikiwa karibu na kisima, uchafu hupenya ardhini na kufika katika maji. Katika miji inayokua kama Tarime viwanja ni vidogo, na hatari hii ni kubwa. Unaweza kuchimba choo chako mbali na kisima chako, kumbe umekiweka karibu na kisima cha jirani. Pima pande zote.

Fanya haya:

Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Kama ardhi ina mteremko, kisima kiwe juu na choo kiwe chini.

Kisima kijengewe ukuta mdomoni, kiwe na mfuniko, na sakafu ya saruji kuzunguka. Maji yanayomwagika yaongozwe mbali kwa mfereji.

Tumia ndoo moja na kamba moja kwa kisima. Isiwekwe chini kwenye matope. Pampu ya mkono ni bora zaidi.

Ng'ombe wasinywe kisimani. Jenga hori la kunyweshea, liwe mbali na upande wa mteremko.

Usilime, usijenge wala usikate miti karibu na mto au chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Miti na majani hupunguza mwendo wa maji ya mvua, nayo hupata nafasi ya kuzama ardhini. Ukikata miti hapo unatoboa chungu.

Kinga maji ya mvua. Bati lenye mfereji na tangi lililofunikwa hupunguza kazi ya kisima.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa, au yatie dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa. Yahifadhi katika chombo chenye mfuniko.

MWISHO

Ndugu msomaji, wazee wanaokunywa kwa mirija hawahitaji askari wa kuwasimamia. Wanajuana, wanaonana, na chungu kiko mbele ya macho yao. Mtu akinywa kwa pupa anaambiwa papo hapo.

Chungu cha maji ya ardhini hakionekani. Hatuoni nani anavuta sana. Hatuoni maji yamebaki kiasi gani. Ndiyo sababu imebidi kuwe na kipimo, kibali na sheria. Sheria hiyo inafanya kazi ya macho pale ambapo macho yetu hayafiki. Lakini ofisi iliyoko Mwanza haiwezi kuona kila kisima cha Tarime na Serengeti. Wewe unaviona. Hesabuni visima vyenu. Andikeni kila mwezi kamba imeshuka hatua ngapi kabla ya kugusa maji. Mkishajua kusoma na kuandika, kazi hiyo mnaiweza. Na daftari hilo litakuwa na nguvu siku mtakapokwenda ofisini kudai haki ya maji yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji au mtaa wetu kuna visima vingapi? Vingapi hukauka wakati wa kiangazi?

2. Kisima cha jirani kikivuta sana na cha kwetu kikakauka, tuanzie wapi kutafuta suluhisho?

3. Sheria imempa nani nafasi ya kwanza katika kutumia maji? Sisi tunafanya hivyo?

4. Vyoo vyetu viko umbali gani kutoka kisima? Twendeni tukapime kwa hatua.

5. Kuchemsha maji huondoa nini? Hakuondoi nini?

MANENO YA KUJIFUNZA

Bonde la maji: eneo lote ambalo maji yake huelekea katika mto, ziwa au bahari moja.

Kibali: ruhusa ya maandishi kutoka kwa wenye mamlaka.

Mdhamini: mtu aliyekabidhiwa mali aitunze kwa faida ya wengine.

Kina: umbali kutoka juu kwenda chini.

Maabara: mahali pa kupimia maji, damu au vitu vingine kwa vyombo vya kitaalamu.